Neno Lililokunjwa Katikati

Katika chumba cha kupigia pasi cha nyumba ya wageni, wenzake walimwita Mama Bado. Ukichungulia mlangoni ukauliza, "Mashuka tayari?" alijibu bila kuinua uso: "Bado." Hata yakiwa yamekunjwa na kupangwa mpaka karibu na dari, alisema bado kwanza, ndipo akakukabidhi. Mhudumu wa vyumba, mwanamke wa maneno mengi, alimtania kila siku. "Wewe bibie, hata malaika akija kukuchukua utamwambia bado!"

Mama Bado alicheka naye. Hakuna aliyejua kwamba neno hilo alikuwa amelibeba kifuani kwa miaka ishirini na saba.

Lilipomwingia alikuwa na miaka kumi na tisa, na mimba yake ya kwanza. Alipasuliwa hospitalini akiwa hajitambui. Alipozinduka, tumbo lilikuwa tupu na mikono mitupu. Akamuuliza mama mkwe, "Mtoto yuko wapi?" Mama mkwe akamfunika shuka hadi shingoni. "Hatunaye, mwanangu." Akamuuliza mumewe. Mume akatazama dirishani, akasema, "Ametutangulia." Mtu mwingine angeelewa. Lakini yeye alikuwa amejaa dawa na maziwa, akayasikia maneno yale kama yalivyo: hatunaye, basi yuko na mwingine, ametangulia, basi yuko mbele, atamkuta.

Siku ya kutoka alipewa kadi. Kizungu kitupu. Akamwonyesha mfagiaji wa wodi, aliyejisifu kwamba lugha hiyo anaijua. Mfagiaji akaweka kidole kwenye mstari mmoja, pale karatasi ilipokunjwa. "Hapa wameandika 'still'. Hiyo ni bado."

"Bado nini?"

"Bado, basi! Hujui bado?"

Tangu siku hiyo mtoto wake akawa bado. Wiki mbili baadaye, alasiri, alikuwa akilipiga pasi gauni dogo jeupe alilolishona kwa mkono wake, akasikia kilio cha kichanga. Kilikuwa chembamba, kama mlango usiotiwa mafuta. Alizunguka nyumba nzima asione kitu. Kesho yake kilirudi, saa tisa ile ile, na hakikumwacha tena. Alihama nyumba, kikahama naye. Mume alifariki, mama mkwe akafuata, wakaenda na walichokijua, kilio kikabaki. Kila Ijumaa alilipiga pasi lile gauni, na kila alfajiri alipiga magoti na ombi moja: "Mungu, mrudishe."

Kadi hakuionyesha tena kwa mtu. Tumaini ni kama yai. Hulichokonoi kila siku ujue kama ni zima.

Lakini mtu huchoka kungoja asichokijua. Akiwa na miaka arobaini na sita akajiandikisha masomo ya jioni. Walisomea katika shule ya msingi, magoti yakigonga madawati ya watoto. Mwalimu alikuwa binti wa miaka ishirini na kitu, mwenye mwanya, na Mama Bado alijionea aibu kwa jinsi alivyoutazama mwanya ule, kwa kuwa na yeye anao. "Wenye mwanya ni wengi," alijikemea. Akaendelea kuutazama.

Jioni moja mwalimu aliandika ubaoni: still.

"Nani analijua hili?"

Fundi bomba, aliyekaa nyuma, akanyoosha mkono. "Hilo letu, mwalimu! Bomba za stili. Hazishiki kutu."

Darasa likaangua kicheko. "Shusha mkono, fundi, hiyo ni nyingine," mwalimu alisema. "Hili lina maana kadhaa. Ya kwanza, bado. Bado nipo. Bado mvua inanyesha."

Mama Bado aliitikia kwa kichwa.

"Ya pili ni 'hata hivyo'. Na ya tatu, tuli. Maji yaliyotuama. Kitu kisichotikisika, kilichonyamaza kabisa."

"Kama fundi akiulizwa mazoezi ya nyumbani," akasema mtu, wakacheka tena.

Mama Bado hakucheka. Kilichonyamaza kabisa. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba neno lile lina ndugu.

Wenzake walipotoka, alibaki. Akaitoa kadi kwenye mfuko wa nailoni, akaiweka juu ya dawati, akainyoosha kwa kiganja kama anyooshavyo foronya.

"Mwalimu, nisomee hapa."

Mwalimu akainama. Macho yake yakafika penye mkunjo, yakasimama. Akaigeuza kadi, akaigeuza tena. "Mama, wino umefifia. Na hapa pamekunjwa, sioni vizuri."

"Unaona."

"Mama..."

"Mwanangu, wote walinihurumia. Mama mkwe alinihurumia, mume wangu alinihurumia. Huruma yao nimeishi nayo miaka ishirini na saba, inalia kila saa tisa. Wewe usinihurumie. Wewe nifundishe."

Mwalimu akakaa kwenye dawati dogo, ubavuni mwake. Akaweka kidole upande huu wa mkunjo. "Hili ndilo ulilosomewa." Akakivusha kidole upande wa pili. "Lakini halikuishia hapa, mama. Linaendelea. Yote ni neno moja: stillborn." Akakiondoa kidole. "Alizaliwa amekufa. Alikuwa wa kike."

Nje, mlinzi alikuwa akifunga madirisha moja baada ya jingine. Mama Bado aliyahesabu, kwa kuwa hakuwa na kitu kingine cha kushika. Yalikuwa saba.

"Amekufa," alisema, akilijaribu neno kama mtoto anayeanza kusoma. "Amekufa." Hakuna aliyewahi kulitamka mbele yake. Mficha maradhi, kilio humuumbua. Nacho kilio kilikuwa kimelia miaka yote hiyo, na yeye akikijibu, bado, bado.

Aliyelia pale alikuwa mwalimu. Mama Bado akamfuta machozi kwa ncha ya mtandio. Akautazama tena ule mwanya, na safari hii ulikuwa mwanya wa mtoto wa watu.

Kesho yake ilikuwa Ijumaa. Alfajiri alipiga magoti, na ombi la siku zote likamjia ulimini. Akalimeza. Kisha akasema, "Mpokee." Lilikuwa ombi dogo mno, neno moja tu, akaogopa kwamba halitasikika. Akalirudia.

Saa tisa, mvuke ukipanda katika chumba cha pasi, alilitandaza gauni juu ya meza. Kilio kikaja, kutoka nyuma ya rundo la mashuka. Siku zote alisimamisha mkono akasikiliza, akisema moyoni, nakuja, mwanangu, nakuja. Leo hakusimama.

"Tulia," alisema kwa sauti. "Tulia, mwanangu. Wewe umekwisha kufika. Mimi ndiye bado."

Kilio kikashuka, kikawa pumzi, kisha hata pumzi ikakoma. Alitamani kukiita kirudi. Akauma mdomo.

"Mama Bado!" Mhudumu wa vyumba alichungulia. "Mashuka tayari?"

"Tayari."

Mhudumu akashika mlango kwa mikono miwili. "Makubwa! Unaumwa, mwenzangu?"

"Chukua mashuka, dada."

Alipobaki peke yake alilitazama gauni. Kifuani pa gauni palikuwa na unyevu, alama ndogo ya mviringo kama ya chozi la mtoto, na alipoigusa ilikuwa vuguvugu. Pasi haikuwa imefika pale. Akaiinua, akaishikilia juu ya ile alama, kisha akairudisha mahali pake. Akaliacha gauni likauke lenyewe.