Jagi la Wakwe

Mimi ni mwanamke wa kujisifu, nakubali. Kwa miaka sita nilichanganya vinywaji kwenye hoteli moja ya Moshi kabla sijaolewa huku Mamba, milimani juu ya Same. Kwa hiyo siku wakwe walipopanda kutoka Makanya kumposa binti yetu Rogathe, niliapa hawataondoka na habari za soda ya chupa.

Asubuhi nilikamua machungwa na pasheni, nikasaga nanasi, nikatwanga tangawizi ya shambani kwetu hadi macho yakaniwasha. Vyote nikavichujia kwenye jagi kubwa la kioo. Wiski niliyoinunua Same nikaimimina ya kutosha, maana wazee wa Makanya si watoto wa kipaimara. Barafu na maji ya gesi vingeingia mwishoni, povu lipande wageni wakitazama.

Mume wangu, Aminieli, alisimama mlangoni mwa jiko muda wote huo. Hakuingia, hakuondoka.

"Mama Rogathe, hiyo si yangu, eh?"

"Yako hii hapa." Nikamwonyesha glasi yake, juisi tupu na gesi, yenye kipande cha chungwa ukingoni ili ifanane na nyingine.

Ilikuwa imepita miaka miwili na miezi minne tangu daktari amwambie mbele yangu kwamba ini limeharibika, na kwamba akirudia pombe tutamzika. Wakwe hawakujua. Nani aanze posa kwa kusimulia jinsi baba wa binti alivyokuwa akiokotwa mtaroni? Niliogopa, nasema kweli. Niliogopa tangu nilipoifungua ile chupa, na bado nikaendelea kumimina kwa sababu nilitaka kusifiwa.

Saa nane mchana wageni walikuwa wameketi sebuleni. Nikaongeza maji ya gesi, povu likapanda, wakapiga makofi. Nikagawa glasi, ya Aminieli nikaiweka mbele yake kwa mkono wangu mwenyewe. Kisha nikainua yangu ili nionje kwanza.

Mzee Eliufoo, msemaji wao, akanyoosha kiganja. "Subiri, mama. Anayeonja ni mwenye nyumba."

"Bila shaka, mzee," akasema Aminieli, akaishika juisi yake.

"Hiyo imetoka jikoni peke yake, nimeona." Mzee alisema kwa upole, lakini hakutabasamu. "Sisi tunapewa ya kwenye jagi. Onja ya kwenye jagi, mkwe wangu."

Hapo ndipo nilipouona ujinga wangu. Nimezaliwa katika milima hii. Baba yangu hakuwahi kumkaribisha mgeni dengelua, ile pombe yetu ya miwa, bila kunywa kwanza kutoka kibuyu kilekile, ili mgeni aone hakuna sumu. Nilijua hayo kabla sijajua kusoma. Na bado nilimtengea mwenye nyumba glasi ya peke yake, mbele ya watu waliokuja kutukabidhi kijana wao.

Glasi zilikuwa mezani na hakuna mkono uliozigusa. Nilikuwa na la kusema: asinywe, ni mgonjwa. Nikatazama pazia la chumbani, ambako Rogathe na shangazi zake walikuwa wakisubiri, nikalimeza neno langu.

Aminieli alinitazama. Alikuwa akiniomba nimkatalie mzee, nami nikainamisha macho sakafuni.

"Kidogo tu," nikasema, nikammiminia ya kulowesha ulimi.

Akaonja. Akafumba macho, akaimaliza. Uso wake ukalegea, nikamwona yule mwanamume niliyedhani ametuondokea.

"Ni salama," akawaambia, akicheka. "Kunyweni, wakwe zangu."

Wakanywa, wakanisifu kuliko nilivyotarajia. Mzee Eliufoo akatoa neno la posa, likapokelewa. Aminieli alikuwa ameshalivuta jagi upande wake, akajaza glasi ya pili, kisha ya tatu. Nilipolishika jagi, akanibandua vidole kimoja kimoja, taratibu, bila kuacha kutabasamu na wageni.

Nyuma ya pazia vikalipuka vigelegele. Rogathe akatoka mbio, akamkumbatia baba yake kwa furaha, nami nikapiga vigelegele pamoja na shangazi zake. Kisha akainusa pumzi ya baba yake, akainua uso kutoka begani kwake, akanitazama mimi. Nikaendelea kupiga vigelegele.