Omu Sita

Mwalimu Sabaha aliisoma karatasi ya nne katika bunda lake, akairudia, kisha akaibwaga kalamu nyekundu mezani hadi chai ya Wilbert ikaruka kikombeni.

"Wilbert, hebu nifanyie swali la saba. Usitazame mwongozo wa majibu."

Wilbert walisoma naye chuo kimoja, na sasa wote wawili walikuwa wakifundisha fizikia hapo Babati. Asubuhi hiyo walikuwa wamekaa ubavu kwa ubavu katika bwalo la shule moja ya Bagara, pamoja na walimu wengine waliokusanywa kusahihisha mtihani wa moko, ule wa majaribio, wa kidato cha nne. Wilbert alivuta kipande cha karatasi bila kuinua macho.

Swali lenyewe halikuwa la kumtoa mtu jasho. Umeme unatoka kwenye betri na kupita katika rezista ya omu nne. Mbele yake njia inagawanyika mara mbili: njia ya juu ina rezista moja ya omu sita, njia ya chini ina mbili zilizofuatana, ya omu moja na ya omu mbili. Kisha njia zinakutana na kurudi kwenye betri. Mtahiniwa atafute ukinzani wa saketi nzima, yaani njia yote ya umeme, kwa kipimo cha omu.

"Za chini zimefuatana, zinajumlishwa, tatu," Wilbert alinong'ona akiandika. "Hiyo tatu iko sambamba na sita. Moja ya sita, jumlisha moja ya tatu, unapata nusu. Pindua, mbili. Ongeza nne ya mwanzo. Sita."

"Mwongozo unasemaje?"

"Nne na nusu."

"Kwa nini?"

"Aliyeutunga alisahau kupindua. Alipopata nusu akaichukua hivyo hivyo, akaongeza nne."

Sabaha alimkazia macho. "Umejuaje haraka hivyo?"

Wilbert alinywa chai kwanza. "Niliona tangu jana."

"Jana! Na ukaendelea kuwakata watoto alama?"

"Nimesahihisha kwa mwongozo, Sabaha. Wote tumesahihisha kwa mwongozo. Mama Simon pale aliona, yule wa Bonga naye aliona. Tumalize, twende nyumbani."

Sabaha alihisi uso ukimwaka. Akaivuta ile karatasi ya nne na kumsogezea puani. Mtoto huyo, ambaye kwao alikuwa namba tu, aliichora saketi mara tatu. Kwanza aliichora kama ilivyo. Mara ya pili zile mbili za chini alizigeuza kuwa moja ya omu tatu. Mara ya tatu zile zilizo sambamba alizigeuza kuwa moja ya omu mbili. Chini akaandika omu sita, akapiga mstari kwa rula. Mwandiko ulikuwa wa mtu asiye na wasiwasi.

"Huyu nimkate," alisema Sabaha. "Halafu huyu hapa chini yake, aliyesahau kupindua kama mwenye mwongozo, nimpe zote. Ndivyo?"

"Usipige kelele."

"Nitapiga."

Akainuka na karatasi mkononi, akaenda hadi meza ya mbele. Aliyekaa pale alikuwa Mwalimu Anselimu, mwenyekiti wa wasahihishaji wa fizikia, mtu mzima aliyewafundisha nusu ya walimu waliokuwa bwaloni. Sabaha alimwamkia.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, binti yangu. Chai umepata?"

"Nimepata. Mwalimu, mwongozo wa swali la saba una kosa."

Anselimu alivaa miwani. Aliitazama karatasi ya mtoto, akautazama mwongozo, na Sabaha aliona wazi jicho lake lilipofika kwenye ile nusu na kusimama. Alijua. Kama aliyejua alikuwa mmoja tu bwaloni, basi ni yeye, maana mwongozo aliuandika mwenyewe. Lakini akavua miwani taratibu na kuifuta kwa shati.

"Mwongozo umekwisha kupitishwa na kamati," alisema. "Ukishapitishwa haubishaniwi mezani. Kila mwalimu akija na lake hapa tutakesha."

"Si langu, mwalimu. Ni la hesabu."

"Binti yangu, mabunda mengi yameshafungwa. Unataka tuyafungue yote kwa ajili ya swali moja?"

"Ndiyo."

Kuna aliyecheka nyuma. Anselimu naye akatabasamu, tabasamu la mtu anayemvumilia mtoto. "Rudi ukae. Uzuri wa moko ni kwamba si mtihani wa mwisho."

Neno hilo ndilo lililommaliza Sabaha. Alikuwa anawajua watoto wanaotoka Mutuka kwa miguu kabla jua halijatoka, wengine wamekunywa uji tu. Moko ndiyo inayomwambia mtoto kama fizikia anaiweza au aiache. Mtoto aliyefanya sawa akirudishiwa karatasi yenye mkasi mwekundu, ile alama ya kosa, hatasema mwalimu amekosea. Atasema mimi ni mjinga. Na hao watu wazima, wenye vyeti, wameshiba maandazi, walikuwa wamekaa wakimfundisha ujinga huo kwa sababu wanataka kuwahi nyumbani!

Hakurudi kukaa. Alitoka bwaloni, akavuka uwanja hadi maabara, akamwomba mtunza vifaa amfungulie kabati. Rezista za omu nne hazikuwepo, akaunga mbili za omu mbili mbili. Ya sita aliipata kwa kuunga ya tano na ya moja. Zile za chini zilikuwepo zenyewe. Waya mmoja ulimchomoka mara kwa mara, lakini saketi ikasimama juu ya ubao mdogo. Akachukua na mita ya kupimia.

Aliporudi bwaloni, kelele za kalamu na viti zilipungua zenyewe. Aliiweka saketi juu ya meza ya Anselimu, katikati ya mihuri na mabunda, akagusisha ncha mbili za mita mwanzo na mwisho wa saketi.

"Mwalimu, naomba usome."

Anselimu aligeuza uso upande wa dirisha. "Hatusahihishi kwa mita hapa. Tunasahihisha kwa mwongozo."

"Fizikia hii tunawafundisha ya nini, kama mita ikisema hatusikii? Soma, mwalimu wangu. Namba moja tu."

"Umenikosea adabu."

"Nisamehe kama nimekukosea wewe. Nani atawaomba radhi hawa?" Akaonyesha mabunda.

Walimu waliinamia karatasi zao. Hata Wilbert aliinamisha kichwa na kujifanya anahesabu alama. Sabaha alihisi machozi yanaanza kumlengalenga, akayakataa. Ndipo kiti kilipoburuzwa nyuma. Alikuwa Bernadina, yule waliyemwita Mama Simon, mwalimu wa miaka mingi wa shule ya njia ya Dareda, mwanamke mnene mwenye sauti ndogo. Alitembea hadi mbele, akainama juu ya mita, akasoma kwa sauti ya kanisani.

"Sita nukta moja. Hiyo nukta ni ya waya." Akanyooka. "Mwalimu Anselimu, na mimi niliona tangu jana, nikanyamaza. Hili jambo ni la aibu. Piga simu."

Wengine nao wakaanza kuguna, kwanza wawili, kisha meza nzima ya dirishani. Anselimu akaichukua simu, akatoka nje. Walimwona akitembea huku na huko kivulini, akitikisa kichwa, akisikiliza zaidi kuliko kusema. Aliporudi alisimama wima kama anayetangaza matokeo.

"Kamati imeamua. Swali la saba, kila mtahiniwa apewe alama zote. Tusifungue kitu. Tuongeze tu kwenye jumla, katika orodha ya alama."

Bwalo zima lilishangilia. Wilbert alimpiga Sabaha begani. "Umeshinda, dada!"

"Nimeshinda nini?" Sabaha aliutoa mkono ule begani. "Aliyefanya sawa apewe, aliyekosea apewe, aliyeacha wazi naye apewe?"

"Naye," alijibu Anselimu.

"Hiyo si haki, mwalimu. Hiyo ni kufunika shimo kwa mkeka."

"Ni amri. Jumla isiguswe."

"Jumla sitaigusa."

Akakaa, akafungua bunda lake tangu mwanzo. Alama za jumla aliziandika kama zilivyoamriwa. Lakini ndani, kwenye swali la saba, aliweka alama ya vema kwenye kila hatua iliyokuwa sawa, na palipokosewa akaandika, "Pindua." Karatasi zilizoachwa wazi aliziacha wazi. Bernadina alikuja na bunda lake, akavuta kiti karibu naye, naye akafanya hivyo hivyo. Wengine walifunga mabunda, wakaaga, wakaondoka. Wilbert aliondoka nao.

Muhula uliofuata majina ya wasahihishaji yalipobandikwa, la Sabaha halikuwemo. Wala hakuuliza.

Lakini kabla ya hapo, karatasi za moko ziliporudi shuleni kwake, darasa lake lilifurahi kwa zile alama za bure. Msichana mmoja, Mariamu, hakufurahi. Karatasi yake ilikuwa imepitia kwa msahihishaji mwingine: swali la saba lilikuwa na mkasi mwekundu, lakini katika orodha ya alama amepewa zote. Aliileta mbele na kuiweka mezani kwa kishindo.

"Mwalimu, nimekosa au nimepata?"

Sabaha aliitazama kazi yake. Omu sita.

"Umepata."

"Basi kwa nini nimekatwa? Na kwa nini Muzamil, ambaye hakuandika chochote, ana alama sawa na zangu?"

"Nimepewa na serikali!" Muzamil alipiga kelele kutoka nyuma, darasa likaangua kicheko.

"Mimi sitaki za kupewa!" Mariamu aligeuka, sauti imempanda. "Nilifanya! Nilikaa na hili swali nikalifanya!"

Sabaha hakumwambia atulie. Alimpa chaki.

"Lifanye tena, hapo ubaoni," alisema. "Na wewe Muzamil, njoo usimame karibu, ukaone alama zako zilitoka wapi."