Shangazi Havunji Sindano

Katika chumba kile cha ushonaji kulikuwa na sheria moja ambayo hakuna aliyethubutu kuichezea. Sindano ikivunjika, aliyeivunja anapaza sauti, "Sindano!" na cherehani zote zinazimwa papo hapo. Hakuna kuuliza, hakuna kumalizia mshono. Walikuwa wakishona nguo za watoto wachanga, na hebu fikiria wewe mama mtu, umemvisha mwanao fulana mpya, analia usiku kucha, kumbe kuna ncha ya chuma imebaki kwenye pindo. Kwa hiyo kazi inasimama, watu wanapiga magoti sakafuni, na mwenye kiwanda mwenyewe anatoka ofisini na sumaku yake kubwa, anaipitisha huku na huku mpaka kila kipande kipatikane. Ndiyo maana wakambandika jina la Bibi Sumaku. Mbele yake walimwita Mama, na adabu tele.

Mtu mmoja tu mle ndani hakuwahi kuvunja sindano tangu aanze kazi. Huyo alikuwa Shangazi, na chumba kizima kilimwita hivyo, hata waliomzidi umri. Alishona huku akiongea, huku akicheka, huku akimsema mtu na jirani yake, na mshono ukatoka umenyooka. Wenzake walimtania kwamba kuna dawa anaipaka.

"Dawa gani? Mimi na sindano tumeoana," aliwajibu. "Na ndoa yetu haina ugomvi kama za kwenu!"

Aliyekuwa na haki ya damu ya kumwita Shangazi ni mtoto wa kaka yake, mwanamke aliyezoea kuwashonea majirani nyumbani kwake kabla Shangazi hajamshika mkono na kumleta pale. Siku ya kwanza mtu aliuliza, "Mgeni huyu ni nani?" na basi, jina likamganda. Mgeni aliwekwa kwenye majaribio. Ijumaa ya mwisho wa mwezi msimamizi ndiye angesema kama anabaki au anaondoka, na Mgeni alitaka kubaki kwa moyo wake wote. Alikuwa hajawahi kukaa mahali penye wanawake wengi wanaojua kazi na kujua kucheka.

Msimamizi mwenyewe alikuwa mwanamume wa shati lililopigwa pasi na neno moja mdomoni. Ukikosea, "taratibu." Ukichelewa, "taratibu." Wakamwita Taratibu, naye akafurahi. Alisifiwa, na aliyemsifu kupita wote ni Shangazi. Mumewe alipofariki, Taratibu alitangulia mbele kubeba jeneza. Shangazi alipougua muda mrefu, ni Taratibu aliyemwomba Bibi Sumaku cherehani yake isipewe mtu mwingine. Kwa Shangazi, huyo hakuwa msimamizi tena. Alikuwa ndugu.

Sasa, anayeshona kutwa nzima hugandwa na nyuzi, hilo halina ubishi. Jioni kila mwanamke alitoka mle amejaa vipande vya uzi nguo nzima. Wiki ya kwanza Taratibu alisimama nyuma ya Mgeni, akasema, "Una uzi hapa," akautoa begani kwa vidole viwili. Mgeni alimshukuru. Kesho yake uzi ulikuwa shingoni. Halafu ukaanza kuonekana mahali ambapo mwenye nguo mwenyewe hakuuona: kiunoni, pajani, kifuani. Loo! Uzi gani huo unaochagua pa kukaa?

Mgeni alijifunza kujipangusa kila alipomwona anaanza mzunguko wake. Alibandua utepe wa gundi mezani, akajipitishia kifuani kote harakaharaka, asibakize hata unyoya. Haikusaidia kitu. Mkono ulikuja vilevile, na baada ya mkono yakaja maneno. Cherehani zikiunguruma pamoja, humsikii jirani yako hata akipiga chafya, na Taratibu alilijua hilo vizuri mno. Aliinama mpaka sikioni na kuongea kwa sauti ya kutosha kuushinda mngurumo, uso mkavu, kama mtu anayeelekeza pindo. Mwanamke wa kushona vifungo, aliyekaa ubavuni kabisa mwa Mgeni, aliona mdomo ukicheza tu.

Mgeni alijikaza kisabuni. Alipoona maji yamemfika shingoni, alimfuata Shangazi nyumbani kwake jioni ya Alhamisi, kuamkia ile Ijumaa ya uamuzi. Alimkuta jikoni anakata vitunguu. Akamwambia yote, uzi na maneno, macho yakiwa chini, maana hata kuyatamka yalimtia aibu, kana kwamba kayatunga yeye.

Shangazi hakuacha kukata.

"Taratibu huyuhuyu?"

"Huyohuyo, Shangazi."

"Mwanangu, umemwelewa vibaya. Yule ndivyo alivyo, ana huruma na watu. Yule alimbeba mume wangu begani!"

"Najua, Shangazi."

"Sasa kama unajua?" Kisu kiligonga ubao kwa nguvu. "Mimi nimekaa naye miaka yote hii. Natoka mle nimejaa nyuzi kama godoro lililopasuka, na hajawahi kunitoa hata mmoja! Hata mmoja! Angekuwa na tabia hiyo, mimi ningekosa kuijua?"

Maneno hayo ya mwisho yalimrudia Shangazi mwenyewe masikioni. Kisu kilisimama juu ya kitunguu. Alijifuta macho kwa kiwiko, akasema, "Kitunguu hiki kikali," kisha akamwambia Mgeni aende nyumbani, kesho kuna kazi.

Mgeni alirudi kwake na moyo mzito kuliko alivyokwenda nao. Mikono ya Taratibu ilimuumiza, ndiyo, lakini hili la Shangazi lilimkata maini. Alilala akiwa ameamua. Angemaliza Ijumaa yake, angekunja kitambaa chake cha kichwa, angechukua mkasi wake, na asingerudi. Afadhali akose kazi na Shangazi abaki na ndugu yake.

Asubuhi hawakuongozana. Shangazi alifika wa kwanza, akakaa kwenye cherehani yake upande wa pili wa chumba, akamwitikia Mgeni salamu bila kumtazama usoni. Wenzake waliona kuna jambo, maana Shangazi hakumsema mtu tangu asubuhi, na hilo lilikuwa halijapata kutokea.

"Shangazi, leo ndoa imeingia mdudu?" mwanamke wa vifungo alimchokoza kwa kupaza sauti.

"Shona," alijibiwa.

Mchana ulipogeuka Taratibu alianza mzunguko wake. Alipita kwenye meza ya kukatia, akapita nyuma ya Shangazi. Shangazi siku hiyo alikuwa amevaa blauzi nyeusi, na nyuzi nyeupe zilimtapakaa mgongoni na mabegani, hata kipofu angezipapasa akazikuta. Shangazi alipunguza mwendo wa cherehani, akamngoja. Taratibu alisema "taratibu" yake, akapita zake. Hakuona hata uzi mmoja.

Akaenda moja kwa moja kwa Mgeni, ambaye alikuwa ndiyo kwanza amejipangusa kwa utepe. Akasimama nyuma yake, mkono ukashuka. "Una uzi."

Mgeni alibana pumzi, akakazia macho kola ndogo iliyokuwa chini ya sindano yake. Alijiambia imebaki jioni tu. Mdomo ulikuja sikioni, na mle katikati ya mngurumo maneno yakaanza kumiminika kama kawaida yake.

"Sindano!"

Cherehani zilizimika. Zote, kwa pamoja, kama walivyozoea. Na katika ukimya ule mzito sauti ya Taratibu, iliyokuwa bado imepandishwa kuushinda mngurumo, ilisikika kuanzia mlangoni hadi dirishani.

"...jioni uje stoo peke yako, ufunge mlango, na kazi ni yako. Usipokuja, usinililie, wala usimtume shangazi yako!"

Hakuna aliyepiga magoti. Watu wote walibaki vilevile walivyokaa, miguu juu ya kanyagio, macho kwa Taratibu, ambaye mkono wake ulikuwa bado haujapata mahali pa kwenda. Mgeni alihisi uso unamuwaka moto. Alitamani sakafu ipasuke immeze.

Bibi Sumaku alikuwa tayari mlangoni, sumaku mkononi. Ofisi yake ilitengwa na ubao mwembamba tu, na uso wake ulionyesha kwamba ubao huo haukumzuilia neno hata moja. Hata hivyo aliuliza kama alivyouliza siku zote.

"Nani amevunja?"

Mkono uliinuka upande wa pili. Wa Shangazi. Chumba kizima kiligeuka, na mtu mmoja akaguna, "Haiwezekani!"

"Kipande kiko wapi?" Bibi Sumaku aliuliza.

"Hakuna kipande, Mama. Sindano yangu nzima, njoo uitazame."

"Basi umesimamisha kazi kwa nini?"

Shangazi aliinuka. "Nilitaka kusikia," alisema. "Mtoto wa kaka yangu aliniambia, nikamkatalia. Leo nikataka nisikie kwa masikio yangu."

Taratibu alikohoa, akajaribu kucheka. "Jamani, huu ni utani tu. Mama, sisi hapa tunataniana kila siku..."

"Vizuri," alisema Bibi Sumaku. "Rudia basi, tucheke wote."

Walimngoja. Taratibu alinyoosha shati lake ambalo halikuwa na mkunjo. Mwanamke wa vifungo, ambaye huwa hakosi cha kuchekea, safari hii machozi yalikuwa yakimtiririka. "Mimi naweza kuyarudia," alisema kwa sauti ya kukwaruza. "Nilipokuwa mpya aliniambia hayohayo. Nilidhani ni mimi peke yangu." Kutoka kwenye meza ya kukatia mtu mwingine akasema, "Na mimi," kwa sauti ndogo sana.

Bibi Sumaku aliwatazama mmoja baada ya mwingine, na ilionekana wazi kwamba anajilaumu. Kisha alinyoosha kiganja. "Funguo za stoo."

"Mama, taratibu kwanza..."

"Funguo. Na ukitoka, usirudi."

Taratibu alimgeukia Shangazi, labda kwa kumbukumbu ya lile jeneza. Shangazi hakuyakwepa macho yake. "Ulimbeba mume wangu, nikakushukuru," alimwambia. "Huyu hukupewa." Taratibu aliziweka funguo mezani, akatoka kwa kasi ambayo hakuna aliyewahi kumwona nayo.

Shangazi alivuka chumba. Alipofika kwenye cherehani ya Mgeni alisimama. Mgeni aliinuka. Alitazama zile nyuzi nyeupe juu ya blauzi nyeusi, akanyoosha mkono, akaanza kumtoa uzi mmoja mmoja, wa begani kwanza, halafu wa shingoni, na Shangazi akatulia kama mtoto anayevishwa.

"Nisamehe, mwanangu."

"Usilie, Shangazi."

"Niache nilie," alisema Shangazi. "Jana nilisingizia kitunguu."