Sentimita Tisini na Tisa

Mke wangu alipika miaka ishirini na minane akiwa amesimama juu ya kibao. Nyumba tuliinunua ikiwa tayari ina jiko, na aliyelijenga hakumfikiria yeye wala mimi. Kaunta ilimfika karibu na viwiko, kwa hiyo alijigongea kibao cha mbao mbili na misumari minne, akawa anakisukuma kwa mguu kutoka kwenye sinki hadi kwenye gesi, kutwa mara kumi. Mimi ni mrefu, na kaunta hiyohiyo kwangu ilikuwa fupi. Nikiosha vyombo viwili tu, kiuno kinalalamika. Hicho ndicho kilikuwa kisingizio changu, na nilikitumia vizuri.

"Jiko hili halikujengewa mgongo wangu," nilikuwa nikisema, huku narudi zangu kwenye kochi.

"Mgongo wako una akili kukushinda wewe," alikuwa akinijibu.

Mwaka huu alipopangiwa upasuaji, alisema akitoka hospitali anataka jiko jipya. Nikakubali palepale. Nikamwahidi kwamba kile kibao atakitupa yeye mwenyewe, kwa mkono wake. Mimi ni mwalimu wa udereva. Nimekaa nusu ya umri wangu kwenye kiti cha abiria, mguu juu ya breki ya pili, na kazi hiyo haimfundishi mtu kuahidi ovyo. Lakini ahadi ile niliitoa kwa moyo wote, maana daktari alikuwa ameshika mambo mengine yote na mimi sikubakiwa na kazi.

Fundi wa makabati alikuja Jumatatu. Ni mtu mwembamba, penseli nyuma ya sikio, na wateja wake wanamwita Milimita. Yeye hapimi jiko kwanza, anampima mpishi. Alimsimamisha mke wangu ukutani bila viatu, akamwambia akunje mkono, akachora mstari penye kiwiko. Akachora wa pili penye macho, na wa tatu pale vidole vilipoishia alipoinua mkono juu. Kando ya kila mstari akaandika kwa herufi ndogo: kiwiko, macho, vidole.

"Kaunta inakaa sentimita kumi na mbili chini ya kiwiko," alisema. "Hii itakuwa themanini na mbili. Mama hatapanda kitu tena."

Mke wangu aligeuka, akaitazama ile mistari. "Kumbe ni mfupi kiasi hiki," akasema. "Na hukuniambia, mwalimu."

Jiko la zamani likavunjwa wiki hiyohiyo. Yeye, kwa kuwa hakuwa na pa kupikia, alitangaza kwamba atanifumia sweta. Alinisimamisha kwenye mlango wa chumbani, akanipima kwa futikamba ya kushonea, akaandika kwenye karatasi. Hakuwa amewahi kufuma hata kitambaa cha meza. Nilidhani ni wasiwasi wa upasuaji, nikasimama kama nilivyoambiwa. Siku chache baadaye akaenda mwenyewe karakana kwa Milimita kuchagua vishikizo vya droo. Ijumaa nikampeleka hospitali. Hakurudi.

Sikulia. Watu waliketi karibu nami makusudi, leso mkononi, wakingoja, na mimi niliwaomba radhi kwa macho. Siku ya sita nilirudi kazini. Wanafunzi walipanda kingo za barabara, wakazimikiwa na gari katikati ya makutano, na mimi nikasema "washa tena" kwa sauti ileile ya siku zote. Mmoja alipita taa nyekundu, nikakanyaga breki yangu, tukasimama, yeye akatetemeka na mimi nikatazama saa. Nyumbani nilichemsha mayai ndani ya birika la umeme na kuosha kikombe bafuni. Nilijua kwamba nimefiwa jinsi mtu anavyojua namba yake ya simu.

Jiko lilikuwa chumba kitupu chenye mabomba mawili yaliyozibwa na ile mistari mitatu ya penseli. Kila asubuhi nilisimama mlangoni na chai yangu, nikaitazama. Sikuhisi kitu. Ila fundi wa rangi alipokuja na ndoo zake, nilimwambia apake kuta zote za nyumba isipokuwa ule mmoja. Alinitazama kidogo, akahamisha ngazi.

Dada wa marehemu ndiye aliyenianzishia vita. Shemeji yangu huyu hasalimii mara mbili. Aliingia, akaona maganda ya mayai, akaona birika, akavua viatu tayari kwa mapambano.

"Shemeji, hayo makabati yanayokuja ni ya kimo cha dada?"

"Ndiyo."

"Mpigie fundi ayapandishe. Bado hajayafunga."

"Hayapandishwi."

"Utapikaje umejikunja hivyo?"

"Mimi sipiki."

"Hilo nani asiyelijua? Utakula mayai mpaka uote manyoya?"

Nikamweleza kwamba nilimwahidi. Akasema ahadi ile nilimpa mtu ambaye hatasimama tena jikoni, na kwamba jiko si kaburi. Alipolitamka neno hilo akachukua fagio, akafagia mahali pasafi. Nilimwona mabega yanavyomtikisika nikajua ningepaswa kumwambia kitu. Nikamwambia fagio lingine liko nyuma ya mlango, hilo limekwisha.

Alipoondoka nikampigia Milimita. Nilichokitaka kilikuwa kimoja, na nilikijua vizuri kuliko nilivyojua siku ya wiki. Nilitaka mahali pamoja duniani palipojengwa kwa kimo chake. Mke wangu alivaa nguo za kupunguzwa mikono na kuketi kwenye viti ambavyo miguu haigusi sakafu, na hiyo kaunta ndiyo ingekuwa yake, hata kama hayupo.

"Usibadilishe kitu," nikamwambia. "Atakayekupigia, usimsikilize. Nataka jiko kama alivyolitaka yeye."

Nilisikia Milimita akifunua kurasa za daftari. "Kama alivyolitaka mama," akasema. "Sawa, mwalimu. Ndivyo nilivyolitengeneza."

Siku ya kufunga makabati nilimwachia ufunguo asubuhi nikaenda kazini. Nilikuwa nimeshapiga hesabu yangu kimyakimya. Kaunta ikikaa themanini na mbili, mstari wa kiwiko ungebaki ukutani juu yake, kiasi cha kiganja na vidole vyake. Ningeuona kila siku. Sikuwa na mpango mwingine zaidi ya huo.

Nilirudi saa kumi. Nyumba nzima ilinuka mbao mpya na gundi. Milimita alikuwa amepiga magoti akikaza bawaba za mlango wa mwisho. Makabati yalikuwa meupe, vishikizo vya rangi ya shaba, mazuri, sisemi uongo. Juu ya makabati ya chini palikuwa bado ubao mtupu, jiwe la kaunta lilikuwa la kesho. Niliingia, nikaweka mkono juu ya ubao kama mtu anavyoweka mkono kwenye meza yake, na mkono haukushuka.

Niliutafuta mstari wa kiwiko. Ulikuwa umezama nyuma ya kabati. Nikaangalia juu, kabati la ukutani lilikuwa limeufunika mstari wa vidole na kupita. Ulibaki mmoja tu, wa macho, katikati ya ukuta.

Nilitoka uani nikampigia shemeji.

"Umemwambia nini fundi?"

"Fundi gani?"

"Umepandisha jiko la dada yako bila kuniuliza."

"Shemeji, mimi huyo fundi simjui hata sura. Umekula leo?"

Nikakata simu. Nilipogeuka, Milimita alikuwa amesimama mlangoni, daftari lake mkononi, kidole kikiwa kimewekwa kwenye ukurasa.

"Mwalimu, nilidhani unajua," alisema.

Kwenye ukurasa, ile themanini na mbili ilikuwa imekatwa kwa mstari mmoja, na chini yake imeandikwa tisini na tisa. Pembeni palikuwa pamebanwa karatasi iliyokunjwa mara nne. Mwandiko ulikuwa wa mke wangu, ule wa kuegemea nyuma. Kiwiko, mia na kumi na moja. Macho, mia na sitini na sita. Vidole, mia mbili na kumi na nane. Bila viatu, alikuwa ameandika, na kupigia mstari.

Sweta. Alinikunja mkono, akapima. Kisha akaniambia niinue mkono juu kabisa. Nilimuuliza sweta gani linapimwa mtu akiwa ameshika dari, akanijibu, "La mtu mvivu. Nyoosha."

"Alikuja mwenyewe," Milimita akasema. "Nilimwekea kiti, alikuwa anapumua kwa taabu. Akachagua vishikizo, halafu akanipa hiyo karatasi. Akasema, futa vipimo vyangu, weka hivi. Nikamwambia, mama, hapo utarudi tena juu ya kibao. Akasema atakayepika ni mrefu." Alikuna shingo. "Mimi nikajua mmeajiri mtu."

Ndipo nilipokasirika. Hasira ilianzia miguuni, na lilikuwa jambo la kwanza kunigusa tangu ile Ijumaa. Alijua. Aliketi nami mezani nikimsimulia jinsi atakavyokitupa kile kibao, nikimwonyesha hata jalala, naye akicheka na kuniuliza kama nitampigia makofi. Alinisikiliza mpaka mwisho, na alijua. Aliniacha nijidanganye peke yangu, na yeye akaenda kwa fundi kuniagizia jiko.

"Lishushe," nikasema. "Lote. Themanini na mbili."

Milimita hakubishana. "Miguu inakatika," alisema. "Ya ukutani nitatoboa upya. Lakini jiwe linakuja asubuhi, na likishagandishwa halitoki bila kuvunjika. Unaposema kata, sema kweli."

"Kanywe chai kwanza," nikamwambia. "Niache hapa."

Alitoka. Nikaanza kufungua. Nilifungua kila mlango na kila droo, nikitafuta chake. Nilijua namna alivyokuwa, hatoki dukani bila kujinunulia angalau pipi, kwa hiyo lazima mahali fulani alijiwekea kitu. Droo moja ya chini kabisa, rafu fupi, ndoano ya kutundikia aproni kwenye kimo chake. Nilipapasa hadi ndani ya kabati la sinki. Rafu ya viungo ilikuwa mbele ya macho yangu. Ndoano zilikuwa nne, zote usawa wa bega langu. Nilikileta kile kibao kutoka uani, nikakiweka mbele ya kaunta, nikapima kwa mkono pale ambapo kiwiko chake kingefika akiwa juu yake. Hata hivyo, rafu ya kwanza tu ya juu ingemtoa jasho. Katika jiko lote lile hakujiachia hata ndoano moja.

Niliketi juu ya kibao, magoti yakiwa karibu na masikio, nikalia. Nililia vibaya, kwa kelele, na niliona aibu kwamba Milimita anasikia, nikaendelea. Nilikuwa nimemkasirikia bado. Nilimkasirikia na kumtaka, vyote kwa pamoja, na nilifurahi kwamba angalau ni vitu viwili, baada ya wiki zile za kutokuwa na kimoja.

Milimita alirudi na msumeno mdogo mkononi. Alinikuta nimesimama, nimenawa uso kwenye bomba la uani.

"Lete jiwe," nikamwambia.

Aliutazama msumeno kama aliyesahau aliutolea wapi. "Na ukuta? Fundi wa rangi ananiuliza."

"Aache kama ulivyo."

Jiwe lililetwa likagandishwa, maji yakafunguliwa, gesi ikaunganishwa. Shemeji alikuja kutazama. Alipita mkono juu ya kaunta, akaniangalia nilivyosimama kando yake, akajipima yeye, ambaye ni mfupi kama dada yake, na nikaona amekwisha kuelewa bila kuambiwa. Nilimwonyesha ile karatasi. Aliisoma, akaikunja tena mara nne kwa mikunjo yake ileile, akanirudishia.

"Alikujua," akasema.

"Aliniondolea kisingizio."

Jumapili jioni nilitoa mchele nusu kilo, nikaumimina kwenye bakuli, nikausimamia. Kisha nikampigia simu shemeji. Nilimuuliza mchele unaoshwa mara ngapi. Nikamsikia anavuta pumzi, nikadhani ataanza kunisema.

"Mara tatu," akasema. "Mpaka maji yawe meupe kidogo tu. Halafu nipigie tena, nikwambie la pili."

Mbele yangu, ukutani, mstari wa macho ulikuwa usawa wa kifungo cha pili cha shati langu, pale ambapo alizoea kuniangalia kabla ya kuinua kichwa na kuanza kunisuta. Nilifungua maji. Niliuosha mchele mara tatu, taratibu, na mgongo haukuniuma.