Kichupa cha Mwisho cha Chiriku

Koti la maabara la mdogo wangu bado linaning'inia mlangoni, na mimi sina ubavu wa kulitoa. Tangu tumzike, kila nikiligeuzia mgongo nahisi mtu anachungulia kazi yangu. Sisemi ni mzimu. Nasema nahisi, basi!

Tulimwita Chiriku kwa maneno yake mengi. Alitafiti kimeng'enya kinacholinda kloroplasti, zile chembe za kijani ndani ya jani, zisiunguzwe na sumu inayozaliwa humo humo jua likiwa kali. Mimea yake, alisema, ilikuwa nacho mara tatu ya kawaida. Mkuu wetu akaniamuru mimi, dada mtu, nirudie kipimo. Nikapata sifuri. Chiriku akaambiwa amepika takwimu, akafukuzwa. Miezi miwili baadaye akafa kwa homa, watu bado wanamwita mwongo.

Leo asubuhi, nikisafisha friza, nimekuta kichupa kimoja cha majani yake, kina mwandiko wake ule mbovu. Nikayaponda kwenye kinu juu ya barafu. Nilipotaka kumimina maji ya dawa, mwili ukanisisimka, nikamsikia kabisa: "Dada, vitamini C umetia?"

Aliniuliza hivyo hivyo kwa simu siku ile ya kipimo. Nikamfokea: "Wee! Unifundishe kazi mimi niliyekubeba mgongoni?" Nikakata simu. Na sikutia. Vitamini C haikai ndani ya maji ya dawa, huharibika, ndiyo maana yeye alizoea kuitia mwenyewe kila asubuhi, na bila hiyo kimeng'enya kile hufa ndani ya dakika. Mungu wangu, sikutia!

Leo nikatia. Namba za mashine zikashuka mbio, ishara kwamba kimeng'enya kinafanya kazi, kama alivyoandika yeye. Mara tatu. Nikaangua kilio mpaka mkuu akaja, akazisoma namba.

"Kumbe binti alikuwa sahihi," akasema taratibu. "Tutamwandikia mama yenu kwamba kulitokea hitilafu."

"Hitilafu gani, bosi? Andika kwamba ni mimi sikutia vitamini C."

Akaniambia nifikirie kazi yangu kwanza. Sikufikiria, nilimpigia mama pale pale, nikamwambia namba za Chiriku zilikuwa za kweli. Mama akapiga vigelegele peke yake huko nyumbani. "Nilijua! Mwanangu hakuwa mwongo!" Kisha akauliza:

"Sasa ni nani huyo aliyemharibia mwenzake?"

"Mama," nikamwambia, "kaa chini kwanza."