Nakala ya Saa Moja

Seva ya majaribio ilikufa asubuhi ileile ambayo mama anayenunulia mahoteli gesi alikuwa anakuja kuiona programu yetu. Na tulikuwa nayo moja tu.

Mimi nauza gesi ya kupikia. Shule niliiacha mapema, lakini mtungi unaovuja naujua kwa pua. Mambo ya kompyuta ni ya mpwa wangu, binti wa dada, na mwenzake tunayemwita Kimya kwa sababu hanyamazi. Wanatengeneza programu ya oda kwenye chumba kilicho nyuma ya bohari. Kila wanachobadilisha hukijaribu kwanza kwenye hiyo seva ya pembeni, wasije wakavuruga oda za kweli. Asubuhi hiyo Kimya alibadilisha orodha ya wateja huku mpwa wangu akijaribu oda za mahoteli. Hawakuambiana. Yote yakaanguka.

"Umenikanyaga!" mpwa wangu akafoka.

"Wewe ndiye uliyeweka mguu chini ya wangu," Kimya akajibu.

"Mafahali wawili, zizi moja," nikasema. "Yule mama yuko njiani. Asipoona kitu anahamia kwa jirani, na nyinyi wawili mtajifunza kubeba mitungi."

Mpwa wangu akacheka. Kwa wiki kadhaa alikuwa akichezea kitu ambacho mimi nilikiona ni upuuzi mtupu.

"Mjomba, nimefunga mfumo wetu wote kwenye kifurushi kimoja. Nikikiamuru, kinafunguka kwenye seva ya kukodi, nakala mpya kabisa. Saa moja ikiisha inajifuta yenyewe. Kimya ana yake, mimi nina yangu."

"Kama hema?"

"Hema lenye jiko, kitanda na choo ndani."

"Basi litie watu. Weka wateja wetu wa kweli. Yule mama akiona 'Mteja wa Kwanza, Mteja wa Pili' atatucheka."

Akabonyeza. Mistari ikaporomoka kwenye skrini, kisha ikasimama, myekundu.

"Imekufa?"

"Programu imeamka kabla ya hifadhidata, lile ghala la oda na wateja, inaita hakuna wa kuitika. Ngoja niwapange, huyu kwanza, yule baadaye."

Akabonyeza tena. Kijani. Kijani. Kijani mpaka chini! Kimya akapanda juu ya kiti akipiga mluzi. Mimi nikaipiga meza ngumi, chai yote ikamwagika.

Mnunuzi akaingia, mama mrefu mwenye sauti kavu. "Nionyesheni. Hadithi sitaki. Naweza kuagizia mahoteli yangu yote kwa mpigo?"

"Hata mji mzima, mama," Kimya akasema, na kabla sijamshika mkono akaamuru oda ya kila mteja aliyekuwemo. Skrini ikajaa. Hakuna kilichokwama.

"Haya," yule mama akasema. "Leteni mkataba."

Alikuwa ameshika kalamu simu yangu ilipolia.

"Mzee wa Gesi! Nimepata meseji, malipo yamepokelewa na mtungi uko njiani. Nimeshafungua geti."

"Mtungi gani?"

Simu ya pili ikalia. Ya tatu. Mpwa wangu akashika kichwa. Katika kufunga kila kitu, alikuwa amefungasha na ufunguo wa mtambo wetu wa kweli wa kutuma meseji, na kila oda ya Kimya ikamfikia mteja mwenyewe.

"Futa!" nikampigia kelele.

"Nakala nimeshaifuta, mjomba. Meseji haifutiki."

Mnunuzi akainua kalamu kutoka kwenye karatasi, akanitazama. "Sasa utawaambia nini?"

"Tumewaambia uko njiani. Basi uko njiani!"

Tukatoka mbio. Dereva wetu akawasha pikapu, Kimya akaviringisha mitungi huku akiimba, mpwa wangu juu akiipanga, wateja wakishangilia kwenye simu kama waliobahatika. Sijawahi kupakia kwa kasi ile hata nilipokuwa kijana. Mama yule alisimama mlangoni mpaka pikapu ikaondoka na mzigo wa kwanza, kisha akauweka mkataba juu ya mtungi na kutia sahihi.

Ilitugharimu mitungi sitini na minne iliyojaa, klachi ya pikapu, tairi moja la nyuma, na ukucha wa kidole gumba cha mguu wa Kimya. Wateja kumi na tisa walikuja kulipa wenyewe. Arobaini na watano walipikia bure.