Maneno ya Yule Asiyetajwa

Bibi yangu Namnyaki aliwachukia Wajerumani kwa sababu zile zile ambazo kila mtu wa Olasiti aliwachukia. Walikusanya wanaume kwenda kuponda mawe na kuchimba barabara, na wengine hawakurudi. Lakini alikuwa na sababu moja ya kwake peke yake, na hiyo ndiyo aliyoisimulia mpaka uzeeni, akipukuchua mahindi kwa nguvu kuliko mahindi yenyewe yalivyohitaji. Ilihusu jina la rafiki yake.

Namnyaki na Resiato walizaliwa msimu mmoja, nyumba zao zikitenganishwa na ua wa miiba tu. Walichunga mbuzi pamoja, wakapigwa pamoja mbuzi walipopotea. Kisha baba yake Resiato akawa mmoja wa wale wasiorudi. Mkewe, Namelok, alibaki na binti huyo mmoja na ng'ombe wachache, na shemeji zake wakaanza kuwatazama wale ng'ombe kama watu wanaotazama mali yao. Namelok alikuwa na dada aliyeolewa na Mmeru, kule mlimani upande wa mashariki, kwenye migomba. Akamchukua mtoto wake akaondoka.

Kwa mtu mzima mwenye miguu mizuri, ilikuwa safari ya kutwa nzima. Kwa wasichana wawili wachunga mbuzi, ilikuwa kama Resiato amehamishiwa nchi nyingine.

Aliyewaunganisha ni Sakaya, mwanamke mfanyabiashara aliyepandisha samli na ngozi kwa Wameru na kushuka na ndizi na tumbaku. Alikuwa na punda mmoja na mdomo usiochoka. Na kwetu habari ina utaratibu wake. Mgeni akifika hutoa habari zote tangu mwanzo hadi mwisho, na anayesikiliza huitikia "ee" kila neno linapotua, ili msemaji ajue limeingia. Habari iliyotumwa huanza na majina, la anayepelekewa na la aliyetuma. Isipokuwa na majina, huo ni uvumi.

"Namnyaki," Sakaya angesema, kabla hata ya kumfungua punda mizigo, "maneno ya Resiato ni haya."

"Ee."

"Anasema mlimani hakuna vumbi, kuna matope."

"Ee."

"Anasema wamekata shina la mgomba, wakalikalia yeye na watoto wa mama yake mdogo, wakateleza mteremko mzima mpaka mtoni."

"Ee."

"Anasema aliyekaa mbele ni yeye, na vazi lake la ngozi lilibaki juu njiani."

Hapo Namnyaki alicheka akasahau kuitikia.

"Itikia, au nifunge mdomo," Sakaya alisema. "Mimi si punda wa kubebeshwa tu. Punda ni yule."

Safari iliyofuata ya kupanda, Namnyaki alikuwa tayari na lake. Alitaka lipite lile la mgomba.

"Mwambie beberu letu limekula kofia ya askari. Alikuja kutafuta vijana wa barabara, jua likamshinda, akalala kivulini. Beberu likaanza na kile kitambaa cha shingoni, likaja mpaka juu. Mwambie nililiona na sikulifukuza."

"Ukapigwa?"

"Mwambie sikupigwa."

"Nimekuuliza mimi. Ulipigwa?"

"Nilipigwa. Lakini hilo usimwambie."

Sakaya alimwambia, tena kwa kuonyesha askari alivyorukaruka. Jibu likaja kwamba Resiato amecheka mpaka mama yake mdogo akadhani ana degedege, na kwamba yeye naye ameonja sabuni ya misheni, akatoa povu siku nzima, na mbwa wa jirani wakamkimbia. Namnyaki hakujua sabuni ni nini. Sakaya alijaribu kumweleza akashindwa, akasema ni mafuta yanayochukia uchafu. Hivyo ndivyo walivyoishi, kila mmoja akitafuta jambo la kumpita mwenzake, na kila mmoja akijua kwamba kitu hakijatokea kweli mpaka kimepandishwa mlimani au kimeteremshwa kwa mdomo wa Sakaya.

Kisha siku moja Sakaya alifika akafungua mizigo kwanza.

Namnyaki alisimama karibu na punda akisubiri. Sakaya alishusha ndizi, akashusha tumbaku, akamkagua punda kwato zote.

"Maneno yangu yako wapi?" Namnyaki aliuliza.

"Safari hii hakuna."

"Hukumwona?"

"Nilimwona mama yake."

"Alisemaje?"

Sakaya aliinamisha kichwa. Sauti yake ilikuwa ndogo, nayo haikuwahi kuwa ndogo. "Amesema yuko kwa Mungu. Amesema jina lake halitajwi tena."

Mtu yeyote wa kwetu angeelewa. Kwetu mtu akifa, jina lake linafungwa, hasa akiwa kijana. Ukilitaja unamwita, na asiyeweza kuja hapaswi kuitwa. Wala huulizi amekufaje. Walio wake watasema siku wakitaka, au hawatasema kabisa. Sakaya hakuuliza. Alikuwa mwanamke mwenye adabu, na adabu yake ndiyo iliyoleta balaa lote.

Namnyaki alivua shanga zake, za shingoni na za masikioni, akaziweka ndani ya kibuyu kilichopasuka. Mama yake aliona.

"Unavua shanga kwa ajili ya nani? Ndugu zako wote wazima."

"Kwa ajili ya yule."

"Yule si ndugu yako. Zivae."

Hakuzivaa. Alikuwa na hasira, na hasira hiyo haikuwa na pa kwenda. Alimkasirikia Namelok kwa kumpeleka mtoto kwenye baridi na matope. Aliwakasirikia Wajerumani, maana walimchukua baba, na isingekuwa wao binti angekuwa pale pale nyuma ya ua. Alimkasirikia Sakaya kwa kutouliza. Mbuzi walipata fimbo ambazo hawakustahili. Ndugu yake Simel alipomtania kwamba anatembea kama mjane, alimtupia kibuyu cha maziwa, kikapasuka, akapigwa, na hata kupigwa kwenyewe kukamkasirisha kwa sababu hakuwa na mtu wa kumsimulia.

Hilo ndilo lilimuuma kupita yote. Mambo hayakuacha kutokea. Fisi aliingia zizini akakwama kwenye miiba, akatoka na kitanzi cha kamba shingoni kama ndama. Mbuni alimfukuza Simel mpaka juu ya mti, akakaa chini yake mpaka jioni. Zilikuwa habari nzuri, na zilimkaa tumboni kama chakula kisichoshuka. Alianza kusema peke yake malishoni, akiacha nafasi mahali pa "ee."

Mvua zilikuja zikapita. Mtu mwingine angesahau, na wote walimwambia asahau. Siku Sakaya alipokuwa akifunga mizigo kupanda tena, Namnyaki alimfuata na mtungi wa samli kichwani.

"Unakwenda wapi wewe?"

"Kwa mama yake. Nataka aniambie amekufaje."

"Haiulizwi."

"Nitauliza."

"Atakulaani."

"Anilaani. Lakini atanijibu kwanza."

Sakaya akamwongezea ngozi mbili za kubeba. "Kama unakwenda kulaaniwa," alisema, "usiende mikono mitupu."

Walivuka mto Themi maji yakiwa magotini. Baada ya hapo njia ilipanda, udongo ukawa mweusi, na migomba ikafunga pande zote mpaka mtu hakuona mbali kuliko fimbo yake. Kwa Namnyaki, aliyezoea kuona mbuzi akiwa mbali kama kokoto, ilikuwa kama kutembea umefunikwa uso. Hilo nalo lilimkasirisha. Walilala kwa rafiki wa Sakaya, na asubuhi wakafika.

Namelok alikuwa akimenya ndizi mlangoni. Namnyaki alishusha mtungi akaukumbatia, akainamisha kichwa kama inavyopasa, na Namelok akamgusa utosini kwa mkono wenye utomvu.

"Umekua, mwanangu. Mama yako mzima?"

"Mzima. Mama, nimekuja kuuliza neno, na najua haliulizwi."

"Uliza."

"Yule alikufaje?"

"Nani?"

"Yule asiyetajwa."

Namelok aliacha kisu. Alimtazama Namnyaki, akamtazama Sakaya, na uso wake ukabadilika.

"Mnamfisha mwanangu," alisema. "Mmetoka huko kwenu kuja kumfisha mwanangu mlangoni kwangu." Akageukia migomba akaita kwa sauti kuu, "Eunike. Njoo hapa."

Msichana akatokea kwenye migomba, amevaa shuka jeupe lililofungwa begani, ana jembe mkononi na udongo mpaka magotini. Sakaya alirudi nyuma akamkanyaga punda.

Bibi yangu alisema watu humwuliza kama alifurahi. Hakufurahi. Furaha ilikuja baadaye sana, na ilikuja imechoka. Kwanza alitua mtungi wa samli taratibu, maana ni mali, kisha akaenda akampiga rafiki yake kofi.

"Nimekulilia," alisema.

Eunike alirudisha kofi. "Nani alikuomba? Mimi nimekungoja. Kila Sakaya alipopita, nami nikiwa misheni, nilisikia ameuza ndizi, ameuza samli, lakini neno lako halipo. Nikasema Namnyaki amepata rafiki mwingine mwenye beberu kubwa zaidi."

"Mtu hamtumii habari maiti."

"Nani maiti?"

Wote wawili walimgeukia Sakaya. Sakaya alimgeukia Namelok. "Ulisema yuko kwa Mungu," alisema. "Ulisema jina lake halitajwi tena. Kwa kinywa chako."

"Kwani ni uongo? Alikuwa anakaa misheni akifundishwa, hata mimi nilimwona Jumapili tu. Ndivyo tunavyosema huku, yuko kwa Mungu. Na mwalimu Mjerumani alisema lile jina la zamani ni la kipagani, likitajwa tena nyumbani hatambatiza. Nikatii. Ningefanyaje, nibishane naye?"

"Kwetu anayekwenda kwa Mungu harudi na jembe mkononi," Sakaya alisema.

Namelok alitaka kukasirika, akacheka, kisha akajifunika uso kwa upindo wa nguo. Namnyaki hakucheka. Sasa hasira yake ilikuwa imepata mahali pa kwenda.

"Walimchukua baba yako," alimwambia rafiki yake. "Wewe ukawapa na jina, ukaliweka mikononi mwao kama mtu anayetoa kibuyu."

"Unadhani sijui walichomfanyia baba? Ni baba yangu, si wako." Eunike alichomeka jembe ardhini. "Mama hana shamba hapa. Tunalima la watu. Mwalimu alisema anayebatizwa atapewa kipande cha kulima, na miche ya kahawa. Nilifikiri siku nyingi. Nilikataa, mama akalala njaa, nikakubali. Haya, nipige tena."

Namnyaki hakumpiga.

"Waliniwekea majina matatu nichague," Eunike aliendelea, sasa akitazama chini. "La kwanza lilikuwa Elizabeti. Nikasema hilo hapana, Namnyaki atalivunja vipande, ulimi wake hauna hiyo 'zzz' ya nyuki. La pili hata mimi lilinishinda. La tatu nikalisema mara nyingi kwa sauti yako, vile unavyoburuta maneno, likapita. Basi nikachukua hilo. Nilichagua kwa mdomo wako, halafu wewe hukuniita hata mara moja."

Namnyaki alikaa chini kwenye majani ya migomba. Alikuwa amechoka kutembea, na alikuwa amechoka kukasirika, lakini hasira haikuwa imechoka naye. Alitaka kulitupa lile jina la Wajerumani na kumwita rafiki yake kama zamani. Alifungua kinywa. Jina lilikataa. Alikuwa amelifunga mwenyewe, ameliweka chini pamoja na shanga, na lililofungwa kwa mtu aliyekufa huwezi kumvalisha mtu aliye hai; utakuwa unamwitia kifo. Hakulitamka siku ile, wala baadaye. Mimi nimelipata kwa Eunike mwenyewe, aliponihurumia uzeeni mwake akanitajia, akisema kwamba yeye halimdhuru.

"Niite basi," Eunike alisema.

"Sitaki."

"Utakaa hapo mpaka lini?"

"Mpaka nitakapotaka."

Namelok alirudi kwenye ndizi zake. Sakaya alifungua mizigo, akajifanya hasikii. Namnyaki alikaa na fisi wake, na mbuni wake, na Simel juu ya mti, na mambo yote ya miezi ile, na kila moja lilihitaji jina la kuanzia. Alitazama migomba, kisha mlima wenyewe, ambao kutoka kwao ulionekana mzima na kutoka pale haukuonekana kabisa.

"Eunike," alisema, kama mtu anayetema mwiba wa samaki. "Maneno ya Namnyaki ni haya."

"Ee," alisema Eunike, akakaa mbele yake haraka.

"Fisi aliingia zizini."

"Ee."

"Simel akachukua kamba."

Eunike akaanza kutabasamu, maana alimjua Simel.

"Usicheke," Namnyaki alisema. "Sijamaliza kukukasirikia."